Pikipiki kwa Mtu Mzima Mwenye Magoti, Mgongo au Vidole Vinavyouma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu wazima ambao pikipiki ndiyo miguu yao ya kila siku: mstaafu anayekwenda shamba, muuguzi wa zahanati, fundi mwenye nyonga iliyochoka, mama mwenye duka aliyezoea kujiendesha mwenyewe. Wengi wanaouliza wako Tanzania na Kenya, kwa hiyo mifano mingi ni ya huku. Maswali nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa.

Nina miaka 66 na magoti yananisumbua. Je, pikipiki bado inanifaa?

Umri peke yake haumkatazi mtu. Kinachoangaliwa ni macho, uwezo wa kusimama bila kuyumba, nguvu ya vidole na wepesi wa shingo. Ukiacha macho, ambayo ni kazi ya mtaalamu, mengine unaweza kujipima nyumbani kabla hujamtafuta muuzaji. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta bila kuushika, uhesabu sekunde 10, kisha badili mguu. Uangalie zaidi mguu wa kushoto, kwa sababu ndio unaotua chini wakati wa kulia umekanyaga breki. Inuka kwenye kiti cha kawaida mara 5 bila kujisukuma kwa mikono. Kamua taulo iliyolowa mpaka iache kuchuruzika. Mwisho kaa wima, ugeuze shingo, uone kama unaweza kutambua kitu kilicho nyuma ya bega lako.

Ukishindwa jambo moja, umeshajua ni wapi pikipiki inatakiwa ikusaidie. Aliyeshindwa na taulo asome kwanza sehemu ya klachi hapo chini. Aliyeyumba kwa mguu mmoja aanze na urefu wa siti. Aliyeshindwa yote amwone daktari au mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla ya kununua chochote, maana udhaifu mwingine wa namna hiyo hupungua mtu akifanya mazoezi kwa miezi michache.

Nianzie kwenye cc au kwenye kampuni?

Anzia kwenye kusimama. Watu wengi huchagua pikipiki kwa jinsi inavyokimbia, lakini ikishafika kilomita 40 kwa saa inajibeba yenyewe, na mwili wenye maumivu unatulia. Taabu iko pale unapopanda, unapoitoa uani kinyumenyume, unaposimama kwenye kokoto ukashusha mguu ukakuta kishimo, unapoipandisha stendi jua linawaka na umechoka. Wazee wanaonisimulia jinsi walivyoanguka, mara nyingi pikipiki ilikuwa imesimama au inatambaa.

Kwa hiyo dukani mwambie muuzaji aache kwanza habari za injini. Kaa juu yake, shuka, panda tena, isukume mbele na nyuma, iweke stendi ya kati, vuta klachi mara 20 mfululizo. Hayo yakikushinda ukiwa kivulini na hujachoka, barabarani yatakushinda zaidi. Kuhusu injini, cc 100 mpaka 125 inamtosha mtu mmoja na mzigo wa wastani. Anayeishi milimani, tuseme Lushoto au Mgeta, na anabeba mtu nyuma, ndiye mwenye sababu ya kufikiria 150.

Mimi ni mfupi. Siti iwe na urefu gani?

Pima miguu yako kwanza, usikisie. Vua viatu, egemea ukuta, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja na ukipandishe mpaka kigote juu kabisa. Mtu mwingine aweke alama ya penseli ukutani sawa na ukingo wa juu wa kitabu. Kutoka hapo mpaka sakafuni ndio urefu wako wa kukanyagia.

Siti nyembamba yenye urefu huo huo kwa kawaida inafaa, kwa kuwa viatu vinaongeza kidogo na springi zinashuka ukikaa. Siti pana inataka iwe chini zaidi, kwa sababu mapaja yanapanuka na miguu haiteremki moja kwa moja. Ndiyo maana pikipiki mbili zenye sentimita sawa kwenye karatasi zinaweza kukupa majibu tofauti kabisa ukizikalia. Kwa kulinganisha, Honda Super Cub 110 ina siti ya takriban sentimita 74, skuta ya TVS Jupiter iko kwenye 76 na nusu hivi, na zile ndefu za porini hupita 80 bila shida.

Kijana anaweza kusimamia ncha za vidole. Wewe unataka wayo mzima, kisigino pamoja, angalau kwa mguu wa kushoto, na goti libaki limekunjwa kidogo. Goti lililonyooka kabisa halina nguvu ya kuzuia pikipiki ikianza kulala. Jaribu ukiwa umevaa viatu unavyovaa siku zote.

Fundi anasema anaweza kuishusha. Nikubali?

Kwenye siti, kubali kwa uangalifu. Mwambie apunguze sponji ya pembeni kwanza, pale mapaja yanapopita, kabla hajagusa ya juu. Ukipunguza pembeni miguu inashuka vizuri na makalio yanabaki na mto. Ukikata juu peke yake utakaa kwenye bati, na baada ya nusu saa mfupa wa mkia utakuambia.

Kwenye shokapu, nina wasiwasi zaidi. Wengi hushusha za nyuma tu kwa sababu ndiyo kazi rahisi. Matokeo yake usukani unakuwa mzito kugeuka, na stendi ya pembeni inakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa. Pikipiki inasimama wima mno, ikiguswa na upepo au mtoto inaangukia upande wa kulia. Kama lazima ishushwe, mbele na nyuma zishuke pamoja na stendi ifupishwe siku hiyo hiyo.

Vidole vyangu vina baridi yabisi. Klachi inaniua.

Hili ndilo linalowaachisha watu pikipiki mapema kuliko yote, na ndilo lenye dawa nyingi.

Anza na pikipiki uliyonayo. Waya wa klachi uliokauka unaumiza kuliko springi zenyewe. Fundi makini huufungua upande wa juu kwenye mkono, hufunga kipande cha tyubu ya baiskeli kuzunguka mdomo wa ala ya waya, humimina oili nyepesi humo ndani, kisha huuning'iniza waya na kusubiri. Oili inatokea upande wa injini ikiwa nyeusi, na anaendelea mpaka itoke safi. Halafu anafungua skrubu ya mkono wenyewe, anafuta vumbi lililogandamana na kupaka grisi. Kazi hiyo haichukui muda, na mtu anayeijaribu klachi kabla na baada huona tofauti kwa kidole kimoja. Kama nyuzi za waya zimeanza kukatika, badilisha. Waya wa Boxer au TVS unapatikana karibu kila duka la spea.

Angalia pia waya unapita wapi. Ukiwa umekunjwa sana nyuma ya taa au umebanwa na usukani, unakuwa mgumu hata ukiwa mpya. Na mkono wa klachi uelekezwe chini kidogo ili kiganja kibaki kwenye mstari mmoja na mkono. Mwingi hufungwa juu mno na kukunja kifundo.

Hayo yasiposaidia, ondokana na klachi ya mkono kabisa. Pikipiki za jamii ya Super Cub, ambayo Honda ilianza kuitengeneza mwaka 1958 na kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetoka zaidi ya milioni 100, zina klachi inayojiendesha yenyewe. Unakanyaga gia kwa mguu na mkono wa kushoto hauna kazi hiyo. Honda Wave ni ya ukoo huo huo. Skuta inaenda mbali zaidi: haina gia za kubadili kabisa, unavuta mafuta na kufunga breki tu.

Nimezoea Vespa tangu ujana wangu Unguja. Si ndiyo rahisi kuliko zote?

Ni rahisi kupanda, kwa kuwa mbele pako wazi na miguu inakaa bapa. Lakini Vespa za zamani zenye gia hubadilishwa kwa kuzungusha mshikio wa kushoto huku umebana klachi kwa mkono huo huo. Kwa kifundo cha mkono kilichovimba hiyo ni kazi nzito kuliko gia ya mguu, na foleni ya Darajani inakulazimisha kuifanya tena na tena. Ukiipenda Vespa kwa umbo lake, tafuta skuta isiyo na gia, mikono ipumzike.

Siwezi tena kurusha mguu juu ya siti. Nifanyeje?

Nyonga na goti vinapokataa, umbo la pikipiki lina maana kuliko uzito wake. Unachotaka ni nafasi ya kupitisha mguu katikati, kati ya siti na usukani. Skuta nyingi zinayo, na jamii ya Super Cub inayo kwa sehemu kubwa.

Kama una pikipiki ya kawaida yenye tanki mbele, kuna mambo matatu yanayosaidia. Kwanza, punguza kimo cha mzigo wa nyuma. Nimeona mzee anahangaika kupanda, na kumbe kinachomzuia ni ndoo na jembe vilivyofungwa wima kwenye keria. Mzigo mrefu ulazwe, au ufungwe baada ya wewe kukaa. Pili, egesha pikipiki kando ya ngazi, ukingo wa barabara au jiwe bapa, upandie kutoka juu. Usikanyage kikanyagio cha kushoto na kupanda kwa uzito wote ikiwa kwenye stendi ya pembeni. Stendi hizo hazikuwekwa kwa kazi hiyo na nyingine zimechoka. Tatu, shika breki ya mbele wakati wote unapopanda. Pikipiki inayoteleza hatua moja mbele wakati mguu uko hewani ndiyo inayovunja mtu nyonga.

Kuhusu goti lenyewe likiwa limekunjwa safari nzima: skuta yenye sakafu bapa inakuruhusu kusogeza miguu mbele na nyuma. Boxer, TVS na Fekon nyingi zina kikanyagio cha gia chenye ncha mbili, unabonyeza kwa vidole au kwa kisigino. Mwenye kifundo cha mguu kibovu atumie kisigino pale inapowezekana, asiinue kidole juu.

Je, uzito wa pikipiki una maana gani kama sitaibeba?

Utaisukuma. Nyingi za kazi zina kati ya kilo 100 na 130, na hizo zinamwezekana mtu mzima kwenye sakafu ya saruji. Weka galoni mbili za maji za lita 20 nyuma, umeongeza kilo 40 na umezipandisha juu, mahali pabaya kabisa kwa anayetaka kuizuia isilale.

Stendi ya kati haihitaji mgongo. Simama upande wa kushoto, mkono wa kushoto kwenye mshikio, wa kulia kwenye keria au chuma cha nyuma. Bonyeza stendi mpaka miguu yake yote miwili iguse chini. Utaisikia pikipiki imenyooka. Kisha hamishia uzito wako wote kwenye ule mguu unaokanyaga stendi, na mkono wa kulia uongoze tu. Anayevuta kwa mikono ndiye anayeondoka na maumivu ya kiuno.

Ikianguka, zima injini na ufunge mafuta. Kama imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kabla hujaigusa na uiache kwenye gia isiteleze. Ipe mgongo, egemeza makalio kwenye siti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha nyuma kwa mwingine, tembea kinyumenyume kwa hatua fupi. Lakini kama una diski ya uti wa mgongo iliyotoka au ulishapasuliwa mgongo, subiri mtu. Barabara zetu hazikosi mpita njia, na kuomba msaada wa kuinua pikipiki si aibu kwa mtu yeyote.

Mgongo wangu hauvumilii matuta. Skuta au pikipiki ya kawaida?

Hapa kuna mvutano wa kweli. Skuta inakusaidia kupanda, kukaa na kupumzisha mikono, lakini magurudumu yake ni madogo, mara nyingi inchi 10 au 12. Gurudumu dogo linaingia kwenye shimo ambalo la inchi 17 linapita juu yake, na kishindo chote kinapanda kwenye uti wa mgongo. Kwenye tifutifu na mchanga pia linayumba haraka. Ukiwa mtu wa lami, Dar es Salaam, Mombasa, mjini Tanga, skuta ni sawa. Kama nusu ya njia yako ni rafu rodi, nashauri jamii ya Super Cub au Wave, zenye magurudumu ya inchi 17 na bado mguu unapita katikati. Zina kasoro ya spea kuwa adimu nje ya miji mikubwa, na hilo lipime kabla ya kulipa.

Pikipiki yoyote utakayochukua, ukae wima. Usukani unaokufanya uiname mbele unamaliza kifundo cha mkono na kiuno kwa pamoja. Kuubadilisha kwa uliopinda kuelekea kwako ni kazi ya fundi yeyote. Shokapu za nyuma nyingi zina ngazi za kukaza na kulegeza, na wauzaji huziacha zimekazwa kwa ajili ya abiria na magunia. Ukiwa peke yako, zilegeze. Upepo wa tairi nao usizidi kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji; kuna vijana wa kujaza upepo wanaopiga mpaka tairi iwe jiwe, na mgongo wako ndio unaolipa.

Kazini niliendesha Honda XL na Yamaha za serikali miaka yote. Kwa nini nisirudi huko huko?

Naielewa heshima ya pikipiki hizo. Mabwana shamba, mabwana afya na waratibu wa elimu walifika nazo mahali ambapo gari halikufika. Yamaha AG100, kwa mfano, iliundwa kwa ajili ya shamba: ina stendi ya pembeni kulia na kushoto, keria imara na kinga ya mikono. Stendi mbili hizo ni msaada mkubwa kwa mwenye mguu mmoja dhaifu, maana unachagua upande wa kushukia.

Ila siti zake ziko juu, na nyingi za zamani zinawashwa kwa kiki tu. Kiki ndiyo inayonitia hofu. Goti lililolika, likipokea kiki inayorudi nyuma, linaweza kuharibika kwa siku moja. Kwa mtu mwenye magoti au nyonga mbovu, stata ya kubonyeza iwe sharti, na betri itunzwe ili usirudi kwenye kiki. Usipoitumia pikipiki kwa siku nyingi, iwashe kila baada ya siku chache, na uiendeshe kidogo badala ya kuiacha ingurume uani.

Basi nichukue bajaji au guta, ina magurudumu matatu?

Wazo zuri kwa mwenye shida ya kusimama, kwa sababu haikulazimu kushusha mguu. Kabla hujaamua, fahamu mambo mawili. La kwanza, bajaji za kawaida hubadilishwa gia kwa mkono wa kushoto pamoja na klachi, mtindo ule ule wa Vespa. Aliyekimbia klachi ya pikipiki kwa ajili ya vidole ataikuta huko, nzito zaidi. Guta nyingi zina gia ya mguu na klachi ya mkono.

La pili, magurudumu matatu hayalali kwenye kona. Pikipiki unailaza, yenyewe inazunguka. Bajaji inabaki wima na uzito unakimbilia nje, na ukiingia na mwendo inapinduka. Mtu mwenye miaka 40 ya pikipiki ana mazoea ya mwili ambayo hapa yanamdanganya. Tafuta uwanja mtupu, zunguka polepole pande zote mbili, ukiwa na mzigo na bila mzigo, kabla ya kuingia barabarani.

Za umeme je?

Kwa mwili wenye maumivu zina mengi mazuri: hakuna klachi, gia wala kiki, na mtikisiko wa injini unaotia ganzi mikononi haupo. Kigali na Nairobi kuna kampuni kama Ampersand yenye vituo vya kubadilisha betri, unaingia na iliyokwisha na kutoka na iliyojaa. Angalia tu nani anainua betri. Ni nzito, na kama kituoni hakuna mhudumu, mgongo wako utakuwa na kazi mpya. Kijijini kusiko na kituo wala umeme wa uhakika, subiri kwanza.

Nina kisukari na presha. Vinahusiana vipi na uchaguzi wa pikipiki?

Vinahusiana sana. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kuua hisia za nyayo. Mguu wa kulia usiohisi vizuri haujui umekanyaga breki kwa kiasi gani, na huenda umeikalia safari nzima bila kujua mpaka breki inapata moto. Mtu wa namna hiyo anafaa skuta ambayo breki zote mbili ziko mikononi, ilimradi mikono yake ni mizima. Avae viatu vya kufunika, na akifika achunguze miguu. Kuungua na ekzosi bila kuhisi kunaweza kuleta kidonda kigumu kupona.

Anayetumia insulini au vidonge vya glibenklamidi asipande pikipiki na njaa. Sukari ikishuka, mikono inatetemeka, jasho linatoka na akili inachanganyikiwa, na huo si wakati wa kuwa barabarani. Weka pipi au glukosi mfuko wa shati, siyo chini ya siti. Baadhi ya dawa za presha na za tezi dume huleta kizunguzungu mtu anapoinuka ghafla. Ukishuka kwenye pikipiki, simama kidogo umeishika kabla ya kutembea. Piritoni na dawa nyingine za mafua zinazoleta usingizi, siku hiyo pikipiki ibaki nyumbani. Muulize daktari wako waziwazi: "Naendesha pikipiki, dawa hii inaniruhusu?" Wengi hawaulizi, na daktari hawezi kukisia.

Aliyepata kiharusi au kifafa asianze na muuzaji. Aanze hospitali, apate jibu lililo wazi.

Na macho?

Kama taa za magari yanayokuja zinakutawanyikia usiku, huenda ni mtoto wa jicho, na huo unatibika kwa upasuaji. Presha ya macho ni hatari zaidi kwa sababu inakula uwezo wa kuona pembeni kimyakimya, na pembeni ndiko daladala linakotokea. Pima macho yote mawili kila mwaka. Anayevaa miwani achague helmeti inayofunguka mbele yote, avae helmeti kwanza na miwani baadaye. Kwa shingo ngumu, ongeza saiti mira kubwa pande zote mbili. Za mapambo hazionyeshi kitu zaidi ya kiwiko chako.

Breki gani zinafaa kwa mtu asiye na nguvu?

Ya diski mbele inataka vidole vichache kuliko ya ngoma. Kuna pia mfumo wa breki zilizounganishwa, ukibonyeza moja na nyingine inashika kiasi. India, zinakotoka Bajaj na TVS, imelazimisha mfumo huo au ule wa kuzuia tairi kufunga kwenye pikipiki mpya zinazouzwa huko tangu Aprili 2019, lakini zinazoletwa kwetu huwa si lazima ziwe hivyo hivyo. Uliza, na uoneshwe kwa macho.

Leseni niliyonayo inatosha?

Angalia daraja. Tanzania, A1 ni ya pikipiki ndogo zisizopita cc 125, A ni ya zilizo juu ya hapo, na magurudumu matatu yana A2 yake. Kwa hiyo anayetoka kwenye pikipiki kwenda bajaji ana hatua ya kufuata. Kenya, A2 ni pikipiki ya kawaida, na A3 inahusu bodaboda, wabeba vifurushi na magurudumu matatu.

Mwenzangu hukaa nyuma. Kuna la kuzingatia?

Apande baada yako na ashuke kabla yako, pikipiki ikiwa imesimama kabisa na miguu yako yote miwili iko chini. Aseme "napanda" kabla ya kugusa. Kukaa upande mmoja kunavuta pikipiki pembeni hasa inapotambaa, na mtu mwenye mguu dhaifu hataweza kuizuia. Kama yeye naye ana magoti, chagua siti ndefu yenye kishikio na vikanyagio vilivyo chini.

Nitajuaje wakati wa kuacha umefika?

Usisubiri ajali ikuambie. Dalili zinazonifanya nimwambie mtu aache ni hizi: ameanza kupita njia panda bila kukumbuka kama aliangalia, anapigiwa honi na hajui kosa lake, ameanguka zaidi ya mara moja akiwa amesimama, au watu wa nyumbani wanakataa kupanda naye. Hiyo ya mwisho iheshimuni, wazee wangu. Wanaokupenda huanza kwa kutoa visingizio kabla ya kusema ukweli. Unaweza kupunguza kwa hatua: usiku kwanza, halafu mvua, halafu barabara kuu, ukabaki na njia ya shamba na sokoni.

Mwanangu yuko Muscat na anataka kuninunulia pikipiki akiwa huko huko. Nimwambie nini?

Asitume pikipiki aliyoipenda yeye. Wanunuzi wa mbali huangalia picha, na pikipiki nzuri kwenye picha nyingi ni ndefu na nzito. Mtumie ujumbe kama huu, ukibadilisha vipimo viwe vyako:

"Mwanangu, asante. Urefu wangu wa kukanyagia ni sentimita 74, kwa hiyo siti isipite hapo. Isizidi kilo 115. Iwe na stata, isiwe na klachi ya mkono, na mguu upite katikati bila kurushwa. Magurudumu yawe inchi 17 kwa sababu ya barabara ya huku. Kabla hujalipa, mpigie fundi wetu wa mtaani umuulize kama spea zake zinapatikana. Muuzaji akubali nikaikalie na kuisukuma dukani kwanza, na hela uitume nikishashuka."